Kumtibu Feruzi: shajara ya samaki beta aliyeugua msimu wa baridi Arusha

14 Juni 2025: Hali ilivyo mwanzoni

Feruzi ni beta dume mwenye rangi ya samawati inayoelekea kijani, niliyemnunua mwezi Aprili kwa shilingi 15,000. Anaishi peke yake katika tangi la kioo la lita 20 lenye mimea michache na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Hita hakuna. Hadi mwisho wa Mei sikuona haja yake, lakini wiki hii kipimajoto kimesoma nyuzi 20 saa kumi na mbili asubuhi, ilhali samaki huyu asili yake ni vidimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga ya Thailand, na anahitaji maji ya nyuzi 25 hadi 28.

Kwa siku tatu sasa ameyabana mapezi mwilini badala ya kuyatandaza, ukingo wa mkia umeanza kuchanikachanika, anajificha nyuma ya sponji, na katika tembe tano za chakula anakula mbili. Nimehesabu pia mara anazopanda juu kuvuta hewa: mara 11 katika dakika tano. Beta ana kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa tunayovuta sisi, kwa hiyo kupanda kwenyewe si dalili ya ugonjwa. Feruzi akiwa mzima hupanda mara nne au tano katika muda huo. Hesabu hii nitairudia kila siku saa moja jioni, kwa kuwa ndiyo kipimo pekee nilicho nacho leo.

Kwa kuutazama mkia nimeamua kwamba huu ni ugonjwa wa kuoza kwa mapezi unaoletwa na bakteria.

18 Juni 2025: Dawa ya kuku

Ingizo hili ndilo ninaloomba lisomwe kwa makini kuliko mengine, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kumuua.

Katika duka la dawa za mifugo niliuziwa oksitetrasaiklini ya unga, dawa ya kuua bakteria, ile wanayopewa kuku kwenye maji ya kunywa, kwa shilingi 4,000. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kilikuwa cha kuku, nami nikakisia robo ya kijiko cha chai kwa lita 20, nikaikoroga na kuimimina moja kwa moja kwenye tangi. Siku ya pili maji yalikuwa yamegeuka kahawia, povu limejikusanya pembeni, na sponji ya chujio ilipoguswa ilikuwa na utelezi na harufu ambayo haikuwahi kuwa nayo. Jioni ya leo Feruzi amepanda kuvuta hewa mara 19 katika dakika tano, na matamvua yake yanapiga haraka kiasi kwamba siwezi kuyahesabu.

Nimelitafakari kosa hili kwa siku nzima. Ndani ya sponji huishi bakteria wanaoigeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi na matamvua ya samaki kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Dawa ya kuua bakteria ikimwagwa kwenye tangi lenye chujio haichagui ni bakteria yupi wa ugonjwa na yupi wa kulisafisha tangi. Juu ya hayo nilikuwa nimetoa hukumu kwa kutazama dalili moja tu, tena mchana, bila kupima maji hata mara moja. Kwa wenzangu wa Pwani wanaotumia maji ya visima nina jambo la kuongeza: madini ya kalsiamu na magnesi yaliyomo kwenye maji hayo hushikamana na dawa za kundi hili na kuzipunguzia nguvu, kwa hiyo unaweza kuliharibu chujio na ugonjwa wenyewe usiuguse.

Nimetoa theluthi moja ya maji na kuweka mengine yaliyokaa wazi kwenye ndoo tangu jana. Nimeagiza vipimo vya maji vya matone kutoka Nairobi.

22 Juni 2025: Maji yanapimwa kwa mara ya kwanza

Vipimo vimefika kwa basi, shilingi 68,000 pamoja na usafiri. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii, na kama ningeanza upya ningeilipa kabla ya kumnunua samaki mwenyewe.

Majibu ni haya: amonia miligramu 1.0 kwa lita, nitriti 0.5, nitrati 10, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, 8.2. Samaki aliye katika tangi lililokomaa hapaswi kukuta amonia wala nitriti inayosomeka.

Namba ya pH inahitaji maelezo kwa yeyote anayefuga samaki hapa Arusha. Maji yetu hutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, nayo yamebeba magadi pamoja na fluoridi, ile inayowatia watu wengi wa mkoa huu meno ya rangi ya kahawia. Magadi huipandisha pH. Amonia ndani ya maji huwa katika maumbo mawili, moja kali na jingine pole, na uwiano wake hutegemea pH na joto. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH 7, umbo kali halifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwa pH 8.2 hukaribia asilimia 8. Maana yake ni kwamba kiasi kilekile cha amonia ambacho mfugaji wa mji mwingine angekiona kidogo, hapa kwetu kinachoma matamvua. Tena sehemu hiyo kali huongezeka maji yanapopashwa joto, na mimi nilikuwa nimeshaweka oda ya hita nikidhani kwamba joto peke yake litamponya. Kama ningeiwasha siku ile, ningeizidisha sumu.

Nimebadilisha asilimia 40 ya maji leo, na nitafanya hivyo kesho na kesho kutwa. Klorini ya maji ya bomba ninaiondoa kwa matone ya sodiamu thaiosalfeti (shilingi 6,000), na maji mapya ninayalinganisha joto na ya tangi kabla ya kuyamimina.

25 Juni 2025, usiku: Tochi

Amonia imeshuka hadi 0.25 na maji yamekuwa maangavu. Pumzi zimepungua kutoka 19 hadi 12. Hata hivyo mapezi bado ameyabana, na mchana wa leo nimeona jambo ambalo kuoza kwa mapezi hakulielezi: amejipinda kwa ghafla na kujisugua ubavu kwenye jiwe, mara mbili katika nusu saa. Samaki anayejisugua anawashwa, na kinachowasha mara nyingi ni kimelea kilicho juu ya ngozi.

Saa tatu usiku nimezima taa zote za chumba, nimesubiri dakika kumi, kisha nimemwangaza kwa tochi kutoka juu, mwanga ukiwa umelala upande badala ya kumwangukia wima. Nyuma ya kichwa, pale magamba ya mgongoni yanapoanzia, kulikuwa na vumbi laini la rangi ya dhahabu iliyochakaa, kama ungaunga wa manjano uliopulizwa juu ya kitambaa kilicholowa. Magamba ya Feruzi nayo humetameta, kwa hiyo nililazimika kuhakikisha kwamba sidanganywi na rangi yake. Nilichogundua ni kwamba mng'ao wa gamba huhama na kubadilika rangi tochi inaposogezwa, lakini vumbi lile lilibaki na rangi yake na mahali pake kila nilipousogeza mwanga. Kwenye pezi la mgongo vumbi lilikuwa jembamba zaidi, na mchana halionekani kabisa.

Ugonjwa wa madoa meupe, ambao ndio watu wengi wanaoujua, hutoa vipele vinavyofanana na punje za chumvi, na mtu huweza kuvihesabu kimoja kimoja. Haya niliyoyaona hayahesabiki. Ninashuku velveti, ugonjwa wa kimelea kiitwacho Piscinoodinium.

27 Juni 2025: Hadubini ya shule

Nimekwisha kukosea mara moja kwa kukisia, kwa hiyo safari hii nimetafuta ushahidi. Mwalimu mmoja wa biolojia wa sekondari, jirani yetu, amekubali kunisaidia baada ya saa za masomo. Nimempeleka Feruzi katika chombo chenye mfuniko, tukamweka juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya tangi, na Mwalimu akampitishia pamba laini nyuma ya kichwa mara moja tu, kuelekea mkiani ili asiyainue magamba. Samaki alikaa nje ya maji kwa sekunde zisizozidi kumi na tano. Ute ule tuliupaka kwenye slaidi yenye tone la maji.

Katika ukuzaji wa mara 100 tuliona viduara vya kahawia inayoelekea dhahabu, vingine vimechongoka upande mmoja kama pea, vyote vimetulia. Mwalimu alinisogeza kwenye hadubini akaniambia, "Angalia kama vinazunguka. Vikizunguka, basi si hiki unachokitafuta." Kimelea cha madoa meupe kina nywele ndogondogo zinazokizungusha polepole, na ndani yake huonekana kiini chenye umbo la kiatu cha farasi. Tulitazama kwa dakika ishirini na hakuna kilichozunguka.

Basi ni velveti. Mkia uliochanika ulikuwa matokeo ya samaki mnyonge kukaa kwenye maji mabaya, na mimi nilikuwa nimelitibu tokeo hilo kwa dawa iliyoyaharibu maji zaidi.

28 Juni 2025: Mpango wa tiba

Dawa inayotajwa sana kwa velveti ni shaba, na mrututu, ambao ni salfeti ya shaba, unapatikana kwa urahisi. Nimeikataa. Tofauti kati ya kipimo cha shaba kinachoua kimelea na kile kinachomuua samaki ni ndogo, na mimi sina kipimo cha kuisoma shaba kwenye maji. Asiye na kipimo hicho namsihi asiiguse.

Nimechagua chumvi, joto na giza kwa pamoja. Feruzi amehamia kwenye beseni jipya la plastiki (shilingi 8,000) lenye lita 10 za maji, hita ya wati 50 (shilingi 35,000) na jiwe la hewa linalotoa viputo, bila chujio. Joto litapandishwa polepole hadi nyuzi 28, ili kimelea kiumalize upesi mzunguko wake wa maisha: kinapokuwa kimejishikiza kwenye ngozi ni kigumu kukifikia, lakini kinapodondoka, kugawanyika na kutoa vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki, hapo ndipo chumvi hukipata. Giza linasaidia kwa sababu kimelea hiki kina klorofili na hujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga. Halikiui, ila linakidhoofisha. Nimelifunika beseni kwa kitenge kizito na kuacha nafasi ya hewa juu ya maji, maana beta anayevuta hewa ya baridi kutoka juu ya maji ya moto hupata shida.

Chumvi ni gramu 2 kwa lita, yaani gramu 20, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe na kuongezwa kwa mafungu matatu katika saa 36. Nusu ya maji itabadilishwa kila siku.

Tangi kubwa limebaki bila samaki. Vitoto vya kimelea visipompata samaki hufa, lakini kwa kuwa tangi halina hita na maji yake ni baridi, mzunguko utakwenda polepole, nami nimeamua kuliacha wiki nne nzima. Kila baada ya siku mbili ninatia chembe za chakula cha samaki ili zioze na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria wa sponji.

2 Julai 2025: Kosa la chumvi

Kuanzia jana Feruzi amelala ubavu chini ya beseni, akiinuka kwa shida. Nilidhani ugonjwa umeshinda, kumbe mkosaji ni mimi.

Nilipokuwa nikibadilisha nusu ya maji nilikuwa nikiweka gramu 20 za chumvi kila mara, kana kwamba nimebadilisha yote. Chumvi haipotei hewani; hutoka tu na maji yaliyochotwa. Nilipotoa lita 5, gramu 10 zilibaki, nikaongeza 20 zikawa 30. Siku iliyofuata zikabaki 15, nikaongeza 20 zikawa 35. Jana ikawa 37.5, yaani karibu gramu 3.75 kwa lita, wakati mimi niliamini nipo kwenye 2. Pia nimegundua kwamba siku ya kwanza nilipima kwa kijiko, na kijiko cha chumvi ya mawe hakilingani na cha chumvi laini kwa uzito, kwa hiyo hata ile 20 ya mwanzo haikuwa ya hakika.

Marekebisho: nimeazima mizani ya viungo ya mama yangu, nimebadilisha nusu ya maji leo bila kuongeza chumvi yoyote, na kuanzia kesho kila lita 5 mpya zitaingia na gramu 10 zilizokwisha yeyushwa. Nimebandika hesabu hiyo kwenye ukuta juu ya beseni. Saa nne usiku alikuwa ameinuka na kuelea sawasawa.

5 Julai 2025: Umeme

Umeme umekatika saa nane usiku, na nilipoamka saa kumi na moja maji yalikuwa nyuzi 22 kutoka 28. Kushuka kwa nyuzi sita katika saa tatu ni pigo kwa samaki mgonjwa, na beseni la lita 10 hupoa upesi kuliko tangi. Nilichemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa mbili za nusu lita zilizofungwa barabara, nikazielesha ndani ya beseni alimo samaki, moja baada ya nyingine, hadi kipimajoto kilipofika 26 taratibu.

Tangu leo beseni limezungushiwa sponji ya godoro pande nne na chini. Nimelijaribu kwa kuizima hita makusudi kwa saa moja mchana wa leo, na joto limeshuka kwa nusu nyuzi tu. Sponji hiyo ilikuwa imekaa stoo bure. Ningeifunga siku ya kwanza.

8 Julai 2025: Majani ya mkungu

Shangazi yangu wa Tanga amenitumia mfuko wa majani makavu ya mkungu kwa basi, shilingi 3,000. Wafugaji wa beta wa Asia ya Kusini Mashariki huyatumia majani ya mti huuhuu, ambao kwetu Pwani watoto huuokotea kungu. Nimechukua yaliyodondoka yenyewe na kukauka, nimeyaosha, na kuweka jani moja kwenye beseni. Baada ya siku moja maji yamekuwa na rangi ya chai hafifu.

Nilitarajia yashushe pH, lakini imetoka 8.2 hadi 8.1 tu, kwa kuwa magadi ya maji yetu yanayahimili asidi ya jani bila kuyumba. Kilichoishusha kweli ni maji ya mvua niliyokinga wakati wa masika: nikichanganya nusu kwa nusu ninapata 7.9. Jani nimeliacha kwa sababu linatia kivuli na samaki hupenda kujiegesha chini yake, lakini sitalitaja kuwa ndilo lililomponya.

14 Julai 2025: Vumbi limeondoka

Kwa usiku wa nne mfululizo tochi haionyeshi vumbi. Pumzi ni 5 katika dakika tano. Amekula tembe zote tano na kuzifuata pale kidole changu kilipozidondoshea.

Jana nilikaribia kurudia kosa la kwanza. Ukingo wa mkia ulikuwa na utando mweupe, nikaanza kuwaza kuvu na dawa nyingine. Nilipomtazama kwa kioo cha kukuzia niliona kwamba utando huo ni mwangavu, una mistari ya miiba ya pezi ndani yake, na ukingo wake ni laini, wakati kuvu huwa kama pamba na huharibu ukingo. Ni pezi jipya linaloota kabla ya kupata rangi.

Chumvi sasa inapunguzwa kwa kubadilisha maji bila kuiongeza, hadi tarehe 18.

26 Julai 2025: Kurudi tangini

Wiki nne zimetimia. Vipimo vya tangi ni amonia 0, nitriti 0, nitrati 15, pH 7.9 baada ya kuchanganya maji ya mvua. Hita imehamia huko, na maji ni nyuzi 26. Kabla ya kumrudisha, Mwalimu amempitishia pamba tena na slaidi imekuwa safi. Nyavu na mpira wa kuvutia maji vimeanikwa juani siku tatu.

Kimelea kiliingiaje? Tangu Aprili sikuongeza samaki, ila tarehe 30 Mei niliingiza mimea miwili iliyotoka kwenye tangi la muuzaji lililokuwa na samaki, nikaiosha kwa maji ya bomba tu. Siwezi kuithibitisha njia hiyo, lakini sioni nyingine. Baridi ya Juni ikamkuta samaki ameshabeba kimelea na kinga yake imeshuka.

9 Agosti 2025: Gharama na hali ya leo

Vipimo 68,000, hita 35,000, beseni 8,000, kipimajoto kipya baada ya kile cha zamani kuvunjika 7,000, thaiosalfeti 6,000, oksitetrasaiklini iliyopotea bure 4,000, majani 3,000 na chumvi 1,000. Jumla ni shilingi 132,000 kwa samaki wa shilingi 15,000, na sijutii hata moja isipokuwa zile 4,000.

Mkia wa Feruzi umefunika karibu sehemu yote iliyopotea. Imebaki pengo dogo upande wa chini, na pezi jipya hapo lina rangi iliyopauka kuliko la zamani. Ninamwangaza kwa tochi kila usiku wa pili. Jana nimenunua mimea mipya, nayo imo kwenye beseni peke yake karibu na dirisha, bila samaki, katika maji yasiyopungua nyuzi 22. Haitaingia tangini kabla ya tarehe 5 Septemba.